Jalada na risasi: shajara ya mradi

Mwanzo wa Machi

Mradi umepata umbo. Ni mfululizo wa vipindi vya sauti, kwa Kiswahili, kuhusu filamu za zamani za uhalifu, na kila kipindi kitajibu maswali mawili. Je, polisi wa kwenye filamu wanafanya kazi kama walivyofanya polisi wa mji ule na wakati ule? Na risasi zinazopigwa humo zinalia, zinaua na kwisha kama risasi za kweli? Hadithi nzima sitaisimulia. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda vya video, tukisikiliza tafsiri juu ya picha, na tunajua kwamba stelingi hafi. Kazi ya polisi na silaha ndiyo haijaelezwa vya kutosha kwa lugha yetu, nami naona inastahili kuelezwa.

Sharti nililojiwekea: filamu iwe na kesi halisi nyuma yake, au iwe na mpelelezi wa kweli aliyeishauri. Hapo kuna kitu cha kulinganisha nacho. Filamu ya kubuni tupu inasema inachotaka na hakuna wa kuisuta, lakini filamu yenye kesi ina jalada.

Dhana ninayoanza nayo ni hii: filamu za zamani huaminika zaidi pale ambapo mtazamaji anapumzika, kwenye miguu, simu na karatasi, na hudanganya zaidi pale anapokaa wima kitini, yaani bunduki zinapoanza kulia. Nitaiweka dhana hiyo mbele ya kila filamu nione inasimama wapi na inaanguka wapi.

Nimekwenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, mpelelezi mstaafu, nikamwamkia na kumweleza mpango wote. Amekubali kutazama pamoja nami. "Lete, mwanangu," akasema, "lakini kila nikiona uongo nitasimamisha picha." Rimoti atashika yeye.

Machi, filamu ya kwanza mezani

Tumeanza na *He Walked by Night*, ya 1948. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mwanzoni kabisa filamu yenyewe inadai kwamba mambo yameelezwa kama yalivyotokea na yaliyobadilishwa ni majina tu. Pili, kesi yake inajulikana. Kati ya 1945 na 1946, mjini Los Angeles na vitongoji vyake, Erwin Walker, askari wa zamani wa vita aliyewahi pia kuajiriwa na polisi wa mji jirani wa Glendale, alivunja maghala na maduka akiiba vifaa vya umeme na silaha. Aliwajeruhi wapelelezi wawili kwa risasi, na Juni 1946 akamuua askari wa doria ya barabara kuu.

Kinachonivutia humu ni jinsi polisi wanavyokwama. Mkuu wa upelelezi hana jina, hana picha, hana alama ya kidole yenye rekodi. Basi anawakusanya watu wote walioporwa, anawaketisha chumba kimoja, na fundi wa maabara anaanza kutupia ukutani vipande vya sura: nywele za aina hii, paji la uso hili, pua hii, mdomo huu. Mashahidi wanabishana. Mmoja anasema macho yalikuwa na nafasi zaidi, mwingine anakataa. Polepole sura inajengeka. Mzee hakugusa rimoti. Alisema kubishana kwa mashahidi ndiko kunamfanya aamini, maana mashahidi wanaokubaliana mara moja ndio wa kutiliwa shaka. Miaka kumi na kitu baada ya filamu hiyo, polisi wa Marekani walianza kutumia sanduku maalumu la vipande vya sura, Identi-Kit, kwa kazi hiyohiyo.

Halafu kuna miguu. Sajenti anazunguka na ile picha ya kuungaunga kutoka mahali hadi mahali, anaonyesha, anakataliwa, anaondoka. Anapopata fununu ya nyumba, hafiki na ving'ora. Anavaa sare ya muuza maziwa, anabeba chupa zake, anasogea mlangoni kuchungulia. Mzee alicheka kwa furaha hapo, akasema askari kanzu wa zamani wote wana hadithi kama hiyo.

Mshauri wa filamu hiyo alikuwa Marty Wynn, sajenti wa upelelezi wa Los Angeles aliyeifanyia kazi kesi ya Walker. Kijana aliyeigiza fundi wa maabara ni Jack Webb, na mazungumzo yake na Wynn wakati wa kupiga picha ndiyo yaliyozaa mchezo wa redio wa *Dragnet* mwaka 1949, uliohamia kwenye televisheni mwaka 1951. Yaani mtindo mzima wa polisi wa televisheni, wa kuuliza kwa sauti kavu na kuandika kila jibu, una mzizi kwenye viti vya mapumziko vya filamu hii ndogo ya bei rahisi.

Risasi sasa. Kuna sehemu moja ambayo sijaona mfano wake katika filamu za umri huo: muuaji amejeruhiwa, hawezi kwenda hospitali kwa sababu daktari angetoa taarifa, basi anarudi chumbani na kuitoa risasi mwilini mwake mwenyewe. Kamera inabaki usoni pake. Jasho, meno yaliyokazwa, pumzi. Katika filamu nyingi za wakati ule mtu aliyepigwa risasi ama anakufa papo hapo ama anafungwa kitambaa begani na kuendelea na mbio. Hapa jeraha linapewa muda wake.

Kisha unakuja mwisho, na hapo jalada na filamu vinaachana. Kwenye filamu anafukuzwa ndani ya mitaro mikubwa ya maji ya mvua chini ya jiji, tochi zinamulika kuta, gesi ya machozi inarushwa, risasi zinavuma, anakufa humo. Walker wa kweli aliitumia mitaro hiyo kutoroka, hilo ni kweli. Lakini alikamatwa akiwa hai, Desemba 1946, ndani ya nyumba aliyopanga, baada ya purukushani. Akahukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 1974 akaachiwa kwa masharti. Filamu ilimzika mtu ambaye angetembea tena mitaani robo karne baadaye.

Kipindi cha kwanza kitajengwa juu ya pengo hilo.

Machi, siku za joto

*The Naked City*, nayo ya 1948. Jules Dassin aliiongoza New York kwenyewe, barabarani, mara nyingine kamera ikiwa imefichwa ndani ya gari ili wapita njia wasijue wanapigwa picha. Mwandishi Malvin Wald alikaa na polisi wa New York kabla ya kuandika, na inaonekana. Msichana amekutwa amekufa bafuni. Inspekta mzee anakaa ofisini na kupanga, na kijana Halloran anatumwa kutembea. Anatembea kweli. Wanachojua kuhusu mtuhumiwa ni kwamba aliwahi kuwa mpigana mieleka na anapiga kinanda cha mdomo. Kwa hayo mawili tu Halloran anazunguka kumbi za mazoezi mpaka viatu vinamchosha.

Mzee alisimamisha picha mara moja tu, mwishoni, Halloran alipoingia peke yake chumbani kwa mtuhumiwa bila kungoja wenzake. Alisema mkubwa yeyote wa kituo angemweka kitimoto, na kwa haki.

Hadithi hiyo imetokana kwa sehemu na kifo cha Dot King, mwanamitindo aliyeuawa New York mwaka 1923, klorofomu ikiwemo kama ilivyo kwenye filamu. Kesi ya Dot King haikupata ufumbuzi hadi leo. Filamu imechukua jalada lisilofungwa, ikalifunga kwa mbio za kupanda mnara wa daraja la Williamsburg, mtuhumiwa akifyatua bastola mpaka anadondoka. Naona hili ni kubwa kuliko kubadilisha mwisho. Kwa Walker walibadilisha namna ya kukamatwa. Kwa Dot King walitoa jibu ambalo polisi wa kweli hawakuwa nalo. Bunduki imewekwa pale ambapo kwenye jalada kuna ukurasa mtupu.

Aprili, mvua zimeanza

Nimeacha polisi kidogo nishughulike na silaha peke yake.

Kwanza, risasi za moto. Kwenye filamu za mwanzoni mwa miaka ya 1930, vile vipande vya ukuta vinavyoruka karibu na kichwa cha mwigizaji mara nyingi si ufundi wa kamera. Katika *The Public Enemy* ya 1931, James Cagney anakimbia kona, na mara tu anapojificha ukuta unachimbwa na rashasha. Aliyekuwa nyuma ya rashasha ile alikuwa mlenga shabaha aliyeajiriwa, na risasi zilikuwa za kweli. Vilipuzi vidogo vya kupachika ukutani au mwilini havikuwa vimezoeleka bado. Cagney aliandika baadaye kwamba kwenye *Angels with Dirty Faces* ya 1938 alikataa kusimama dirishani wakati wa kufyatua, na risasi moja ikapita pale ambapo kichwa chake kingekuwa. Kwa hiyo vumbi la ukuta kwenye filamu hizo ndilo vumbi la kweli kuliko yote tutakayoona, na liligharimu hatari ambayo hakuna filamu inayostahili.

Pili, kusukumwa. Tulifanya hesabu na mzee kwenye karatasi, na nitaisoma hewani taratibu ili msikilizaji aifuate. Risasi ya bastola ya .45 ina uzito wa gramu 15 hivi, na hutoka kwa mwendo wa mita 250 hivi kwa sekunde. Ikimwingia mtu wa kilo 70 na kubaki mwilini, nguvu yote ile ya mwendo inampa mwendo wa kama sentimita 5 kwa sekunde. Chukua .44 Magnum, ile Smith & Wesson Model 29 iliyopata umaarufu kwenye *Dirty Harry* ya 1971: gramu 15 na nusu, mita 430 kwa sekunde. Hata sentimita 10 kwa sekunde hazifiki. Hakuna anayerushwa kupitia kioo cha dirisha. Na kama risasi ingekuwa na uwezo wa kumrusha mtu nyuma, ingemrusha na mpigaji vilevile, kwa sababu msukumo ni uleule pande zote mbili. Anayepigwa risasi huanguka kwa sababu mwili umezimika au miguu imekataa, na mara nyingi haanguki mara moja. Mzee aliongeza kwamba yapo majeruhi waliofika kituoni kwa miguu yao kudai PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, damu wakiwa wameiona lakini maumivu bado hayajawafikia.

Tatu, sailensa. Katika filamu kadhaa za zamani muuaji anafunga sailensa kwenye bastola ya silinda na mlio unakuwa kama kikohozi. Kati ya silinda na mtutu wa bastola hizo kuna mwanya, na gesi ya baruti inatokea pembeni hapo na kelele yake, kwa hiyo sailensa ya mbele inasaidia kidogo sana. Bastola ya Kirusi ya Nagant ya 1895 ndiyo inayojulikana kwa kuuziba mwanya huo, kwa kusogeza silinda mbele wakati wa kufyatua. Majambazi wa Hollywood hawakubeba Nagant.

Nne, hesabu ya risasi. Bastola nyingi za polisi wa Marekani wa miaka hiyo zilibeba sita. Nitawaomba wasikilizaji wahesabu wenyewe nyumbani. Ni zoezi zuri kwa vijana.

Aprili, kazi ya sauti

Binamu yangu ndiye fundi wa sauti wa mradi huu, na siku hizi tumekuwa tukifungua milio ya risasi ya filamu za miaka ya 1940 kwenye kompyuta na kuitazama kama michoro. Mlio wa kweli ni mfupi ajabu: mlipuko wa sekunde ndogo mno, kisha mwangwi wa mahali ulipopigwa. Milio ya zamani ni minene, mirefu, na imefanana kutoka chumba hadi chumba. Jikoni, uchochoroni, kwenye ghala, mlio ni mmoja. Sababu ni ya kiufundi. Sauti ya filamu ilichorwa pembeni mwa mkanda wa picha kama mistari ya mwanga, na njia hiyo haikuweza kubeba tofauti kubwa kati ya mnong'ono na mlipuko. Ukiiongeza zaidi inapasuka. Kwa hiyo studio zilihifadhi milio iliyorekodiwa na kusawazishwa tayari, na kuipachika kila ilipohitajika.

Bastola ya kweli karibu na sikio ni desibeli 160 hivi. Mtu aliyepiga risasi mbili ndani ya chumba kidogo hawezi kumnong'oneza mwenzake sekunde inayofuata, na mwenzake hawezi kumsikia. Kwenye filamu za zamani wanaongea palepale kama wametoka kufunga mlango. Nimeamua hili liwe na kipindi chake, kwa sababu kati ya uongo wote wa risasi huu ndio unaotupa picha potofu zaidi ya hali ya askari aliye ndani ya mapambano: amezibwa masikio, haelewi amri, hajui mwenzake yuko wapi. Makosa mengi ya kutisha huanzia hapo.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kwa *Bonnie and Clyde* ya 1967, Warren Beatty, aliyekuwa mtayarishaji na mwigizaji mkuu, alitaka milio iruke juu ya mazungumzo na kumshtua mtazamaji. Amesimulia kwamba London, kwenye onyesho la kwanza, mwendesha projekta aliipunguza sauti kila risasi zilipokuja, akidhani filamu imechanganywa vibaya na yeye anaisaidia. Na kwa *Heat* ya 1995, Michael Mann aliwapigisha waigizaji risasi baridi zenye baruti kamili katikati ya Los Angeles, kisha akatumia milio iliyonaswa na maikrofoni palepale mtaani, ikigonga majengo na kurudi. Tumeweka michoro miwili ubavuni kwa ubavu, mlio wa 1948 na mlio wa *Heat*. Binamu anataka tuicheze mfululizo bila maneno yoyote katikati. Nimekubaliana naye.

Mwisho wa Aprili

*Bonnie and Clyde* imenilazimu kuipanua ile dhana ya mwanzo.

Kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali 1934, zilibana sana risasi. Baadaye katika miaka hiyo ya 1930 ziliongezwa nyingine: rashasha zisionekane mikononi mwa majambazi, na polisi wasionyeshwe wakiuawa na wahalifu isipokuwa hadithi ikilazimu kabisa. Ni kwa ubanaji ule ulioanza 1934 kwamba Cagney, jambazi wa 1931, mwaka 1935 yuko upande wa serikali kwenye *G Men*. Filamu hiyo nimeipa nusu kipindi tu, kwa jambo moja ambalo ni la kweli na wengi hawalijui: maofisa wa FBI wanaonyeshwa wakipambana bila ruhusa ya kubeba silaha. Sheria ya kuwapa mamlaka ya jumla ya kubeba silaha na kukamata ilipitishwa 1934, mwaka mmoja baada ya shambulio la Juni 17, 1933 kwenye kituo cha reli cha Kansas City, ambako maofisa wanne na mfungwa waliyemsindikiza, Frank Nash, waliuawa.

Arthur Penn, mwongozaji wa *Bonnie and Clyde*, alizivunja desturi hizo kwa makusudi. Mpigaji na mpigwaji wako kwenye picha moja. Mwisho wake ulipigwa kwa kamera nne zenye kasi tofauti, na vilipuzi vidogo vimefichwa ndani ya nguo za Beatty na Faye Dunaway. Nasi tunajua tukio halisi la majambazi wenyewe, Bonnie Parker na Clyde Barrow: asubuhi ya Mei 23, 1934, Bienville Parish, Louisiana, maofisa sita wakiongozwa na Frank Hamer walijificha vichakani na kuimiminia gari zaidi ya risasi 100. Kwa upande wa silaha, filamu imekaribia ukweli kuliko yoyote kabla yake, ingawa wawili hao walikufa wote wakiwa ndani ya gari, si mmoja nje na mmoja ndani.

Lakini tazama polisi. Filamu inamwonyesha Hamer akitekwa na kudhalilishwa na Bonnie na Clyde, kisha akiwinda kwa kisasi. Hilo halikutokea kamwe. Hamer aliwafuata kwa miezi, akisoma mienendo yao, akijua jinsi wanavyozunguka kutembelea ndugu, na hawakuwa wamewahi kukutana naye. Familia yake iliishtaki studio, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Yaani risasi zilipoanza kusema kweli, kazi ya upelelezi ndiyo iliyotolewa kafara. Mzee alikaa kimya muda mrefu baada ya filamu hii. Kisha akasema kuvizia na kuua bila kuwaita wajisalimishe ni jambo la kuulizwa, lakini lazima uulize juu ya mtu wa kweli na kazi aliyofanya kweli.

Mei

Filamu ya Kijapani, *Stray Dog* ya Akira Kurosawa, 1949, imekuwa ndiyo ninayoipenda kuliko zote mezani. Haina jalada moja maarufu nyuma yake, lakini nimeiingiza kwa sababu inafanya jambo ambalo za Marekani hazikufanya: inaihesabu risasi. Mpelelezi kijana, Murakami, anaibiwa bastola yake ya Colt ndani ya basi lenye joto na msongamano Tokyo, ikiwa na risasi saba. Kuanzia hapo kila mlio unaosikika mjini ni wake. Mwanamke anajeruhiwa, na risasi inakwenda maabara.

Tukio la kukaa nalo: ili kujua kama risasi hiyo imetoka kwenye bastola yake, Murakami anarudi uwanja wa shabaha, anakumbuka aliwahi kukosa na kupiga kisiki, anachimba ndani ya kisiki kile mpaka anaitoa risasi yake ya zamani. Zile mbili zinalinganishwa kwa darubini. Huo ni utaratibu halisi. Nchini Marekani Calvin Goddard aliupa umaarufu kwa darubini ya kulinganishia baada ya mauaji ya watu saba Chicago, Februari 14, 1929, ambako baadhi ya wauaji walivaa sare za polisi. Goddard alilinganisha risasi na maganda, akaonyesha kwamba hazikutoka kwenye rashasha za polisi, na baadaye akazilinganisha na rashasha mbili zilizokutwa nyumbani kwa Fred Burke huko Michigan. Kwenye filamu nyingi ulinganishaji huo unachukua sekunde chache na jibu halina shaka. Kwa kweli ni jicho la mtu linalosoma mikwaruzo, na ripoti ya mwaka 2009 ya chuo cha sayansi cha taifa cha Marekani ilisema wazi kwamba msingi wa kisayansi wa uhakika huo bado ulihitaji kujengwa.

Mwishoni jambazi anamjeruhi Murakami mkono, anafyatua tena, anakosa, na bastola inaisha. Inaisha kweli. Wanagaragara matopeni wakihema, na pingu zinafungwa huku watoto wanapita mbali wakiimba.

*Bullitt* ya 1968 tumeitazama kwa haraka, maana kila mtu anajua mbio za magari zake. Nitakachokichukua ni dakika ambazo wengi huzipitisha: wapelelezi wamesimama kwenye mashine ya faksi ya wakati ule, wakingoja picha za pasipoti kutoka Chicago zichorwe mstari kwa mstari. Mashine hizo zilichukua kama dakika sita kwa ukurasa. Mzee aliangalia saa yake na kutabasamu. Bastola ya Bullitt yenyewe inangoja mpaka uwanja wa ndege.

Mei, kikao cha mwisho cha kutazama

*The French Connection*, 1971. Wapelelezi Eddie Egan na Sonny Grosso wa New York walikuwepo wakati wa kupiga picha, na wote wawili wana nafasi ndogo za kuigiza ndani yake. Kesi yao, ya magendo ya heroini, ni ya 1961 na 1962. Ukiondoa zile mbio chini ya reli ya juu, ambazo hazikuwa kwenye kesi, filamu hii ni shule ya kufuatilia mtu. Doyle, mpelelezi mkuu wa kwenye filamu, amesimama nje kwenye baridi, anakula kipande cha piza, kahawa imepoa, na ng'ambo ya barabara mtuhumiwa Mfaransa anahudumiwa sahani baada ya sahani mgahawani. Gari linafumuliwa lote gereji, hakuna kitu, mpaka fundi anagundua kwamba uzito wake umezidi ule wa kitabu kwa ratili 120, kilo 54 hivi. Dawa za kulevya ziko ndani ya fremu chini ya milango. Mzee aliirudisha nyuma sehemu hiyo aitazame tena.

Kisha Doyle anampiga mtu risasi mgongoni kwenye ngazi, na baadaye anamuua kimakosa ofisa wa serikali, na hatuoni mtu yeyote akiandika. Mzee alisimamisha picha. "Jalada liko wapi?" aliuliza. "Bastola yake ilikabidhiwa kwa nani? Nani amehesabu risasi zilizobaki?" Polisi wa New York walianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kukusanya taarifa ya kila silaha iliyofyatuliwa na askari wao, kwa hiyo swali lake lina majibu katika mji uleule na miaka ileile. Kesi ya kweli haikuishia kwenye jengo bovu na mlio wa bastola. Mkuu wa mtandao, Jean Jehan, alirudi Ufaransa. Na heroini iliyokamatwa ikahifadhiwa kwenye stoo ya vielelezo ya polisi, ambako iligundulika mwaka 1972, filamu ikiwa bado midomoni mwa watu, kwamba imeibwa humohumo na mifuko kujazwa unga mwingine.

Wizi huo wa vielelezo utachukua nusu ya kipindi. Hakuna risasi hata moja ndani yake, na ndio tukio zito kuliko yote katika kesi nzima.

Mpangilio umekamilika: *He Walked by Night* itafungua, *The Naked City* itafuata, kisha kipindi cha silaha, kipindi cha sauti, *G Men* pamoja na *Bonnie and Clyde*, *Stray Dog*, *Bullitt* kwa ufupi, na *The French Connection*. Mzee ataingia studio kwa kipindi cha kwanza na cha mwisho. Amesema atakuja na maswali yake yameandikwa. Binamu anasafisha rekodi za majaribio wiki hii, na sauti yangu inaanza kurekodiwa Jumatatu.